Mama na Harufu ya Moshi

Leo Mama ameingia darasani kwetu kwa mara ya kwanza!

Wanadarasa wenzangu, mnajua yeye hukaanga samaki kando ya reli, mtaani Laini Saba. Siku ya wazazi husimama nje, dirishani. Hasemi kwa nini, lakini najua: anaogopa watu watashika pua kwa harufu yake ya moshi na samaki.

Asubuhi alikuwa anasugua mikono kwa ndimu.

Nikamwambia, "Mama, kuna neno la Kiingereza, perfume, yaani manukato. Mwalimu alisema limetoka Kilatini, na maana yake ni 'kupitia moshi'. Watu wa zamani walichoma ubani ndio wanukie."

"Atieno, unanidanganya."

"Haki ya Mungu!"

"Kwa hivyo nimejipaka perfume miaka hii yote na hakuna aliyeniambia?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga mabati.

Lakini mlangoni pa darasa alisita. Nikamshika mkono, tukaketi mbele. Mama mmoja akasogea kando kidogo. (Niliumia, siwafichi.)

Mwalimu akauliza, "Mzazi wa Atieno amekuja?"

Mama akasimama, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Ni mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Mliokuwa nyuma, mlimsikia?