Programu Iliyowameza Mapacha

Nilipoanza kazi ya TEHAMA mjini Shinyanga, adui yangu mkubwa alikuwa printa. Karatasi ikikwama, naitwa. Sasa ni mkuu wa idara, nasimamia mifumo ya hospitali yetu na zahanati zake kuanzia Kishapu hadi Geita, na printa siigusi. Siku hizi nahangaika na swali moja: je, mgonjwa ninayemwona kwenye skrini ndiye aliyekaa kwenye benchi?

Ndiyo maana asubuhi ile niliondoka nyumbani Ngokolo na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Tulikuwa tumeandika programu ya kutafuta mafaili yaliyojirudia na kuyaunganisha. Saa sita mchana ingewashwa kwenye zahanati zote, mbele ya wajumbe wa bodi, na mafaili ya zamani yangefutwa papo hapo. Zahanati ya Mhunze, kule Kishapu, ilikuwa imeianza tangu jana yake, kwa majaribio. Nilikwenda huko kwanza, niione ikifanya kazi.

Kanuni yake niliibuni mwenyewe, nikajisifu. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo na jina la nyumbani. Leo anatoa hili, kesho lile. Basi niliiambia programu isijali jina. Itazame tarehe ya kuzaliwa, kijiji, mama na simu yake. Vikilingana, huyo ni mtu mmoja.

Saa nne aliingia mama na watoto wawili wa kiume, wamevaa mashati ya kitambaa kimoja. Mmoja alikuwa anakohoa.

"Mwangaluka," mama alisalimia.

Muuguzi aliitikia, akabonyeza, akasita. "Mama Kulwa, hapa naona mtoto mmoja tu."

"Nimebeba wawili tumbo moja, wewe na kompyuta yako mnaona mmoja? Vaeni miwani!"

Benchi zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikasimama wima. Mapacha! Tarehe moja, kijiji kimoja, mama mmoja, simu moja. Msukuma mzima, niliyekua na akina Kulwa na Doto kila upande wa nyumba yetu, nimesahau mapacha!

Mama alikuwa ameacha kucheka. "Huyu Doto anayekohoa alivimba uso kwa amoksilini. Mliandika. Iko wapi?"

"Haipo," alisema muuguzi, akairudisha mezani chupa ya amoksilini aliyokwisha kuishika.

Nilimpigia mkurugenzi. "Bosi, tusiiwashe."

"Wajumbe wako njiani. Wiki nzima umesema uko tayari."

"Mimi niko tayari. Programu ndiyo bado. Inawafuta mapacha."

"Kosa la nani?"

"Langu. Kanuni ni yangu."

"Basi njoo uwaambie mwenyewe. Mimi nitawapa chai."

Hapo Mhunze mafaili ya zamani yalikuwa hayajafutwa, kwa hiyo nililirudisha la Doto palepale. Onyo lake likatokea kwa herufi nyekundu, na muuguzi akaenda kabatini kuchukua dawa nyingine. Mama aligusa skrini kwa kidole: mmoja, wawili.

"Wewe kwenu wapi?" aliniuliza.

"Hapahapa Kishapu, mama."

"Kishapu! Na mapacha huwajui?"

Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi Shinyanga. Saa sita nilisimama mbele ya bodi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaiacha mfukoni.

"Waheshimiwa," nilisema, "nani kati yenu ni pacha?"

Mikono miwili ilinyooshwa, na mmoja ulikuwa wa mwenyekiti.