Magodoro Kumi na Mawili ya Kinue

Kinue Hamasaka hajui kukaa. Ukimpa kiti atakifuta vumbi, ukimpa chai atainuka kutafuta kisahani, na ukimwambia apumzike atakuuliza ni nani aliyekwambia amechoka. Mjini Ozuhama wanasema alizaliwa amesimama. Ana miaka sabini, goti la kulia limeshamgomea, na bado kila asubuhi yenye jua anapanda ghorofani kwenye nyumba yake ya wageni, anabeba magodoro ya wageni moja moja, yote kumi na mawili, na kuyaanika kwenye ukingo wa roshani. Anayachapa kwa fimbo ya mwanzi mpaka mtaa mzima unaamka. Alasiri anayaanua, anayakunja, anayarudisha kabatini. Wageni wenyewe hawapo. Huu ni mwaka wa kumi na nne hawapo.

Zamani walikuja na ukaguzi. Kila baada ya miezi kumi na mitatu Mtambo wa nyuklia ulio nyuma ya rasi ulizimwa ukaguliwe, na mji ukafurika wachomeleaji, mafundi bomba na wafunga majukwaa kutoka kila pembe ya Japani. Kumi na wawili kati yao walikuwa wa Kinue. Walilala sita sita katika vyumba viwili vya mikeka, wakaoga kwa zamu katika bafu moja, na saa kumi na mbili jioni wakakaa pamoja kula wali na supu ya miso ya soya. Walipotoka kazini walipaza sauti mlangoni, "Mama, tumerudi!" Naye alijibu kutoka jikoni, mikono imejaa unga, "Karibuni nyumbani!" Kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha chai chenye jina, akakiacha rafuni mpaka safari nyingine.

Kisha bahari ikapanda nchi kavu kule kaskazini, ikaharibu mtambo wa huko, mitambo ikazimwa nchi nzima, na huu wa kwao haukuwashwa tena. Mume wa Kinue alifariki akisubiri. Vikombe vimebaki rafuni, na kila Jumatatu Kinue anavifuta.

Basi Chama cha Wafanyabiashara kilipoanza kudai Mtambo urudi, hapakuwa na mtu wa kumshinda Kinue kwa kelele. Bango la "Mtambo uwashwe mapema" lilining'inia mlangoni kwake mpaka jua likafuta maandishi, akaomba jingine. Mdogo wake alipompigia simu kumwambia kwamba wajukuu hawatakanyaga hapo Mtambo ukiwashwa, alijibu kwamba hata sasa ukiwa umezimwa hawakanyagi. Lakini si kwamba hana woga. Vile vidonge vya kujikinga na mionzi vilivyogawiwa na manispaa amevibandika nyuma ya mlango wa choo, avione kila siku, na kuna siku akiviona anatoka humo haraka kuliko alivyoingia.

Asubuhi ya siku ya mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu kuwasha Mtambo, mwezi wa Novemba, magodoro yalikuwa yameshapanda roshani wakati Masuo Kuratani alipofika na karatasi mkononi. Kuratani ana kituo cha mafuta, ndiye mwenyekiti wa Chama, na alikaa dawati moja na Kinue shule ya msingi.

"Saa saba mchana, ukumbi wa manispaa," alisema. "Unazungumza kwa niaba ya nyumba za wageni. Dakika tatu. Usiongeze la kwako."

Kinue alisoma huku akifagia. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Ndiyo maana haina hata mzaha mmoja. Kaa unywe chai."

Akanywa. Hajapata kuingia nyumba hiyo akatoka bila chai, miaka hamsini sasa. Lakini siku hiyo alikunywa upesi, akasema msimamizi wa mkandarasi wa Mtambo atapita kuangalia malazi kwa sababu ya ile fomu aliyoijaza Kinue, kisha akaondoka bila hata kula kachumbari ya figili.

Msimamizi alikuja saa nne. Aliitwa Wakui, mtu wa miaka kama arobaini, soksi safi, na alipovua viatu akasema, "Hodi, Mama." Hilo neno tu lilimfanya Kinue asahau goti. Akamwonyesha bafu lililozibwa nyufa mwezi wa nane, mashuka mapya, mtungi wa samaki waliovundikwa ndani ya pumba za mpunga. Wakui alitazama kila kitu kwa adabu, kisha akafungua faili lake.

"Mama, fomu yako inasema vyumba kumi na viwili. Mimi naona viwili."

"Watu kumi na wawili. Hapa tunahesabu watu."

"Fomu iliuliza vyumba. Vyenye kufuli."

"Kufuli ya nini? Hapa hajaibiwa mtu hata soksi!" Kinue alisukuma ule mlango wa karatasi, ukateleza vizuri kabisa. "Ona. Unaufunga tu."

Wakui alijikuna shingo. "Si mambo ya wizi, Mama. Vijana wangu hawalali chumba kimoja na mtu. Huyu anakoroma, yule anataka kuongea na mkewe kwenye simu. Wanataka chumba chao, bafu lao, intaneti. Nisipowapa wananikimbia, na mafundi wenyewe siku hizi wa kutafuta kwa tochi."

"Na chakula? Nani atawapikia?"

"Kitaletwa cha maboksi." Macho yake yalikuwa yamehamia rafuni. Alinyoosha kidole kwenye kikombe cha mwisho, bila kukigusa. "Odagiri. Ni Odagiri mchomeleaji? Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Ndiye! Nafasi yake ni ile ya dirishani. Mwambie nimemwekea."

"Yuko kwa binti yake Kumamoto. Siku hizi hatambui watu sana." Akafunga faili. "Ila supu ya miso ya Ozuhama bado anaitaja. Anamwambia binti yake kwamba ya kwake haina kitu."

Kinue alichukua kitambaa akafuta rafu ambayo haikuwa na vumbi. Akauliza, bila kugeuka, hao vijana watalala wapi.

"Ule uwanja wa zamani wa besiboli. Tunaweka vibanda mia mbili," Wakui alisema. Alipoona mgongo wa mama huyu umekauka ghafla, sauti yake ikashuka. "Nilidhani umeambiwa. Ardhi ni ya mwenyekiti wenu."

Baada ya mgeni kuondoka, Kinue alisugua bafu. Kisha akasugua ndoo ya kusugulia bafu. Alikata vitunguu vya supu ambayo hakuna aliyeiagiza, akavaa koti, akavua, akavaa tena, na saa sita na nusu alikuwa tayari mlangoni mwa ukumbi wa manispaa akizunguka. Kuratani alipotokea, Kinue alimfuata mpaka nyuma ya mashine ya kuuza vinywaji.

"Ulijua."

Kuratani hakujisumbua kuuliza alijua nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Agosti."

"Agosti ndipo nilipoziba bafu! Ulikuja ukaliona, ukalisifu!"

"Kinue, nisikilize. Kile kituo changu siku hizi ni cha watu kuuliza njia. Wangekosa ardhi yangu wangechukua ya mtu wa mji wa pili."

"Sikuulizi habari ya ardhi. Hotuba hii ungejisomea mwenyewe."

"Mimi nani ataniamini?" Kuratani alisema, akitazama viatu vyake. "Wewe wanakuamini."

Ukumbini palijaa. Mbele walikaa wakubwa wa manispaa na watu wa Mtambo wenye suti, na pembeni karani kijana wa kike mwenye orodha ya wasemaji. Alisema muuza samaki, akasema mwenye duka la dobi, akasema mwalimu mstaafu aliyepinga mpaka sauti ikamkauka. Kisha wakamwita Kinue.

Alikunjua karatasi. "Sisi wenye nyumba za wageni wa Ozuhama tumejiandaa kikamilifu kuwapokea..." Akaishia hapo. Akaikunja karatasi ile mara nne.

"Miaka kumi na nne nimesema nataka Mtambo uwashwe kwa ajili ya uchumi wa mji," alisema. "Niliambiwa niseme hivyo. Huo uchumi sijapata kuupikia. Mimi nilitaka watu waingie wakisema wamerudi, niwapakulie. Vidonge vya mionzi viko chooni kwangu, na usiku mwingine siendi chooni kwa kuviogopa. Nikawa najiambia, vumilia, watu wako wanakuja. Leo asubuhi nimeambiwa hawaji. Wanalala uwanjani, na kila mmoja na ufunguo wake." Akamtazama Kuratani, kisha akaacha kumtazama. "Ni hayo tu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta peke yake. Kinue alishuka jukwaani kwa kuchechemea, na badala ya kurudi kwenye kiti akaenda moja kwa moja kwa karani. Kwenye orodha, pembeni ya jina lake, palikuwa na alama ya penseli iliyowekwa hata kabla ya mkutano.

"Hii inasema nini?"

"Anaunga mkono, bibi."

"Futa."

Karani alichukua kifutio. "Niweke kwamba unapinga?"

"Sipingi. Kwa nini nipinge dobi apate nguo za kufua?"

"Bibi, nafasi ni mbili tu. Anaunga mkono, au anapinga. Nikuandike wapi?"

Kwenye paa la ukumbi kulisikika matone, machache, kisha mengi. Mvua ya Novemba ya pwani ile haipigi hodi. Kinue aliinua uso juu, na hapo ndipo alipokumbuka.

"Andika nimekwenda kuanua magodoro," alisema, na akatoka.

Hakwenda mbali. Gari la Kuratani lilimpita, likasimama, mlango ukafunguliwa. Kinue akaingia. Walipofika waliyanyakua magodoro kwenye roshani huku maji yakiwaingia shingoni, wakayashusha mawili mawili, vizee viwili vikihema, wakayarundika kwenye chumba cha mikeka. Yalikuwa yameloa yote kumi na mawili.

Kuratani alisimama karibu na jiko akijipangusa uso kwa mkono. Birika alilolibandika Kinue walipoingia, kwa mazoea, lilikuwa limechemka, mvuke unagonga kifuniko. Alitazama birika, akatazama mto wa kukalia ambao kwa miaka hamsini ulikuwa wake, akangoja.

Kinue alizima jiko.

"Asante kwa msaada, Bwana Mwenyekiti," alisema, akaenda kumfungulia mlango. Kisha akarudi chumbani, akakaa chini juu ya magodoro yaliyoloa, na hakuinuka.