Radhia na tangi analoliogopa

Ni Jumatatu, saluni imefungwa, na Radhia Mseddi anavaa glavu juu ya glavu. Anavaa miwani ya plastiki, kisha barakoa. Anafungua dirisha, anapiga hatua mbili, anarudi kuhakikisha kweli liko wazi. Ndipo anapolisogelea tangi.

Si kubwa. Linakaa kwenye kaunta, kati ya makopo ya hina na mashine ya kukaushia nywele. Ndani yake mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe yanayopepea taratibu kwenye mkondo wa pampu.

"Bismillahi," anasema. Anaingiza mkono majini.

Radhia amekuwa akitengeneza nywele za mabibi harusi wa mtaa huu wa Sfax, Tunisia, tangu yeye mwenyewe hajaolewa. Wazo la tangi alilipata dukani kwa Ami Mongi, mzee anayeuza samaki wa mapambo karibu na soko. Alitaka kubwa, la urefu wa sofa.

"Alinikatalia," anasimulia. "Akaniambia, 'Binti yangu, chukua kwanza hili dogo. Likikaa mwaka bila kukufia, njoo tuzungumze.' Nikamwambia, we muuzaji gani unafukuza wateja?"

Dogo lilimtesa. Maji ya bahari yakiwa machache huharibika upesi. Kiangazi cha kwanza yalikauka kidogo tu, chumvi ikazidi, konokono wote wakafa. Akajifunza kuongeza maji yasiyo na chumvi kila asubuhi kabla ya kahawa yake, kupima chumvi, na kuwabania samaki chakula.

Wateja hawakuacha kumtania. "Radhia, hao nao utawawekea rola lini?" Aliyecheka zaidi ni Najet, wifi yake, ambaye alikuwa akimsaidia kuosha nywele.

Jiwe moja alilopewa na Ami Mongi lilikuwa na viumbe laini, kila kimoja kama kifungo cha shati, kijani chenye kitovu cha chungwa. Vilizaana haraka. Mabibi harusi walivipenda kuliko samaki.

Majira haya ya kuchipua, tangi kubwa likafika. Radhia alitaka kuhamishia humo mawe yaliyo safi, na vile vifungo vilikuwa vimelifunika jiwe analolipenda. Akalitoa, akaliweka kwenye sinki la kuoshea nywele, akalimwagia maji yanayochemka kutoka kwenye birika, akaanza kusugua. Mvuke ukapanda. Najet alikuwa pembeni anakunja taulo, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo.

"Najet ndiye aliyeanza. Akaniambia, 'Wifi, mbona mdomoni nasikia kama nimelamba chuma?' Nikamwambia ni yule samaki jodari wa mchana. Mara na mimi nikaisikia."

Kisha baridi ikawaingia mifupani. Najet akakaa chini, akajaribu kusema, akakohoa badala yake. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Lotfi, mume wa Radhia, aliwakimbiza hospitali. Daktari akauliza walichokula. Jodari, walijibu, na mkate. Radhia hakutaja jiwe. Haikumjia kabisa kwamba jiwe lingeweza kuwa na neno.

Ni Lotfi aliyempigia Ami Mongi, ili tu amwombe akawatazame samaki. Mzee akauliza kilichotokea, akasikia habari ya maji ya moto, akapiga ukelele. "Kamwambie daktari sasa hivi! Wale viumbe wa jiweni wana sumu, na mvuke umeibeba! Na asiingie mtu saluni!"

Daktari aliwaambia ukweli: sumu hiyo haina dawa yake. Ni hewa ya kusaidia kupumua, na kungoja.

"Nilikuwa kitanda cha pili," anasema Radhia. "Nilitazama kifua cha Najet. Kikishuka, nilikuwa nashindwa kupumua mpaka kiinuke tena. Nilijiambia, nimemuua dada wa mume wangu kwa pambo."

Najet alipona. Bado anapumzika katikati ya ngazi, na saluni haingii. Hukaa kizingitini, mguu mmoja nje. Ami Mongi alikuja na glavu zake, akaomba radhi kwa kutosema mapema, akaondoka na mawe yote yenye vifungo.

Kwa nini tangi halikutupwa? Najet anajibu kutoka mlangoni. "Maji atayamwaga wapi? Mtaroni, watoto wachezee? Na hao samaki wamekosa nini? Wifi ndiye aliyelipika jiwe."

Radhia anacheka kidogo, kisha analiinamia tangi. Nyuma ya pampu, kwenye kioo, pameota kitu kidogo cha kijani.

"Kimerudi," anasema. Anatoa mkono polepole. Hakigusi. Anampigia Ami Mongi, anamweleza.

Mzee atakuja kukitoa mwenyewe. Tangi kubwa lingali tupu, limefunikwa shuka. Radhia anasema joto likipungua atalijaza: wale samaki wawili, mawe mapya yasiyo na kitu, basi. Halafu anataka Najet aingie, akae kwenye kiti, aoshwe nywele na yeye.

"Ami Mongi ananiambia hofu itaisha. Mimi sitaki iishe," anasema, akivua glavu kwa kuzigeuza ndani nje. "Nataka tu inipe nafasi nifanye kazi."