Sketi ya Mama Kwenye Gauni la Wifi

Siku hizi kila mtu anataka nguo yake peke yake. Nenda Katesh uone: fulana zenye majina mgongoni, vitenge vya kushonesha, mtu anamwonyesha fundi simu, "Nataka hivi, ila yangu isifanane na ya mtu." Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe nguo za dukani hazinikai, makalio ya ukoo wetu hayakuhesabiwa kiwandani, kwa hiyo nashonesha. Ugomvi wangu ni na wifi yangu, na mdogo wangu aliyemuoa, na yule fundi wao wa Arusha anayetaka aitwe dizaina.

Mama yetu yuko Basotu, na ana sketi ya ngozi. Niseme alikuwa nayo. Aliitengeneza mwenyewe alipoolewa, ngozi akailainisha kwa mikono yake, akaipamba kwa shanga moja baada ya nyingine. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mwanamke aliyeolewa. Miaka ya karibuni aliivaa kwa shughuli kubwa tu, na shughuli aliyoingoja kuliko zote ilikuwa arusi ya mwanawe wa kiume wa pekee. Mama wa bwana arusi humpokea mkwe mlangoni akiwa ndani ya sketi yake.

Kabla ya arusi mdogo wangu alikuja nyumbani. Akasema mchumba wake anashonesha gauni la aina yake, na dizaina anahitaji kuona shanga za kwetu. "Naazima tu, mama. Wapige picha." Mama aliposikia ombi limetoka kwa mkwe, hakuuliza mara mbili. Mkwe ambaye hajaingia nyumbani humnyimi kitu, utakuwa umemfukuza na baraka zake. Akaikunja sketi ndani ya kanga, akampa.

Picha! Jamani, picha!

Siku ya sendofu, bibi arusi anapoagwa kwao, nilikwenda kwa wifi kumsaidia kuvaa. Gauni la satini, jeupe pe, na kifuani kimeshonewa kipande cha mbele cha sketi ya mama. Kimekatwa kwa mkasi. Nilikijua pale shanga za bluu zilipomwishia mama akamalizia na nyekundu.

"Umeona, wifi?" akaniambia, anazunguka mbele ya kioo. "Tanzania nzima hakuna mwenye gauni kama hili. Nimetengenezewa mimi tu."

Nikamuuliza sketi iliyobaki iko wapi.

"Yale mabaki? Sijui, labda dizaina alitupa."

Mabaki. Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu, nikamuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu mkavu kabisa, eti mama mwenyewe siku hizi haivai, na eti si ingekuja kuwa ya mke wake tu. Nilimtukana matusi ambayo dada hapaswi kumtukana mdogo wake, na sijutii hata moja.

Jioni nikamweleza mama. Akauliza, "Wamekata upande gani?" Nikamwambia wa mbele. Akainuka akaenda kufunga ndama. Nikamfuata huko huko zizini, nikamwambia asitoke kumpokea yule mwanamke, abaki ndani, waaibike mbele ya wageni. Akakaza kamba ya ndama.

Siku ya arusi magari yalifika kutoka kanisani, wifi ndani ya gauni lile lile, vigelegele, kila mtu na simu juu anarekodi. Mama akatoka na kibuyu cha siagi. Alikuwa amevaa kitenge cha sare, kile kile walichovaa shangazi zangu na majirani wote. Mama mwenye arusi, na mgeni asingeweza kumtofautisha na waalikwa! Nililia kwa hasira, sikujificha.

Akampaka mkwe siagi kichwani, akambariki. Watu wakashangilia, nami nikadhani yamekwisha. Mama akachota tena, kiganja kizima, akaanza kuipaka ile ngozi kifuani. Polepole, anaingiza vidole kati ya mistari ya shanga, kama ngozi inavyotunzwa isipasuke. Mafuta yakapenya kwenye satini, yakashuka mpaka tumboni.

"Mama, gauni langu!" wifi akapiga kelele.

Mdogo wangu akaja mbio amshike mama mkono. Nikasimama mbele yake. Alinitazama usoni, akarudi nyuma.

Mama hakuinua hata macho. "Tulia, mwanangu," alimwambia wifi. "Mmeiacha ikauke. Huku chini bado."