Zorobabel na Carte ya Kanisa

Zorobabel, kaka yangu mukubwa, alikuwa mwalimu wa Baprotestanti pale Kalunguta. Shati alikuwa nayo moja tu, lakini nyeupe, we! Mimi Hulda njo nilikuwa namufulia.

Mu mwaka wa 1964 Basimba, batu ba uasi, bakafika. Bakasema kila mwanaume atachanjwa kwa uso dawa yabo ya kuzuia risasi. Mwenye kukataa ni adui wa serikali yabo. Zorobabel akakataa, akasema yeye alishabatizwa, inatosha. Bakamushika bibi yake Émérance, na mimba ya miezi saba, bakamupigisha magoti mu lupango ya nyumba, bunduki kwa shingo. Basi akatoa uso. Chanjo mbili, juu ya nyusi. Wewe ungefanya nini?

Pasteur wetu Ananie alikuwa amekimbia mu pori. Mambo ikatulia kidogo, akarudi, akaitisha comité ya bazee ba kanisa. Bakakata: mutu mwenye kupokea dawa hapana kula meza ya Bwana. Bakamukalisha kaka yangu kwa banc ya nyuma, bakamunyang'anya carte ya kanisa, ile karatasi ya kuonyesha mutu ni mukristo. Nilikasirika, lakini nikasema ni mambo ya kanisa, itapita.

Kiisha basoda ba serikali yenyewe, benye kufukuza Basimba, bakakuja, batu ba mbali, benye kusema Lingala. Balikuwa banatafuta chanjo kwa uso, na mwenye chanjo anakufa. Lakini mwenye carte ya kanisa, capitaine alisema, aachwe. Angalia akili hiyo! Soda anauliza dini ya mutu juu ajue kama atamuua. Zorobabel hakukuwa na carte. Akaeleza balimuchanja kwa nguvu, baulize pasteur.

Capitaine akamugeukia Ananie: "Huyu ni mukristo wako?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ananie akaangalia chini.

"Kwa sasa, hapana."

Bakamupiga risasi nyuma ya nyumba ya masomo. Émérance alisikia mulio.

Nilimufuata Ananie mpaka kwake. Akasema hakuweza kudanganya serikali. Nikamwambia: "Serikali haikukuwa na haki ya kuuliza, na wewe haukukuwa na haki ya kujibu." Akaingia ndani, akafunga mulango.

Alikataza nyimbo kwa maziko, juu marehemu alikufa angali mu adhabu ya kanisa. Tulimuzika mu shamba ya ndizi, siye batu bane tu. Wimbo nilikuwa nao kinywani. Sikuimba. Niliogopa Ananie atasikia.