Eneida Aliyeolewa kwa Ajili ya Keki

Nyumba ya Eneida ilikuwa na ukuta wa mbao katikati. Ukuta huo aliupigilia Eliseo, siku ile ile aliyomwambia Eneida kwamba yeye si mumewe tena. Eneida alikuwa akimenya mihogo. Akauliza, tangu lini? Eliseo akamjibu bila haya kwamba tangu mwezi wa tatu, kwani si alitia sahihi mwenyewe?

Ni kweli alitia. Eliseo alimletea karatasi akamwambia ni ya kuandikisha friji, ili fundi wa serikali aje kuitengeneza. Eneida hakujua kusoma. Utotoni mwake, walimu vijana walipotumwa mashambani kufundisha watu, baba yake alimficha kwenye banda la kukaushia tumbaku kwa sababu majani yalikuwa yanangoja mikono. Mwalimu alimgundua wiki ya mwisho, akawahi kumfundisha kuandika jina lake, basi. Jina hilo ndilo aliloliandika, polepole, ulimi nje, akiwaza barafu.

Friji haikutengenezwa. Mume ndiye aliyeondoka, na wala hakwenda mbali: upande wa pili wa mbao, pamoja na mwanamke aitwaye Yolaida. Nyumba ya kuhamia haikupatikana kisiwa kizima, na wanaume wa namna ile hata wakikuacha hawakuachi ukapumua. Wao wawili walichukua chumba cha mbele na baraza yenye viti viwili vya kubembea. Eneida alibaki nyuma, jikoni, na binti yao Dailín. Yolaida akipiga chafya, Eneida alisikia. Na mengine alisikia.

Ilikuwa miaka ile meli za mafuta zilipoacha kuja. Matrekta yalilala, ng'ombe wakarudi kulima na wakajiona wakubwa. Watu walikaanga maganda ya balungi wakayaita nyama. Kahawa ya mgao ilikuwa njegere zilizoungua na kahawa kidogo ya kuzichangamsha. Hata vile vilima vya mawe vinavyosimama bondeni, vya mviringo na majani kichwani, Eneida akivitazama asubuhi kabla ya kazi aliona mikate iliyoumuka.

Ni katika njaa hiyo Dailín alikaribia kutimiza miaka kumi na mitano. Msichana wa kwao akifika umri huo hushonewa gauni refu, hupigwa picha, hukatiwa keki mbele ya mtaa mzima. Asiyefanyiwa atasimulia mpaka uzeeni kwamba hakufanyiwa. Gauni lilipatikana, lilikuwa pazia la shangazi. Keki ndiyo iliyoshindikana. Unga haukuwepo, na mayai watu waliyazungumzia kama wanavyowazungumzia marehemu. Dailín akasema haidhuru, mama. Alisema hivyo ameuelekea ukuta, na Eneida akajua kwamba inadhuru sana.

Jibu lilitoka kazini. Eneida alikuwa akichambua majani ya tumbaku katika kiwanda kidogo cha sigara nene, akichuna uti wa kila jani, wanawake arobaini chumba kimoja. Mbele yao, kwenye kiti kirefu, alikaa mzee Heriberto msomaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea: gazeti asubuhi, kitabu cha hadithi mchana. Wakipendezwa waligonga meza kwa visu vyao vya kukatia. Wasipopendezwa waliviangusha sakafuni. Asubuhi moja Heriberto akasoma kwamba, pamoja na dhiki yote, serikali itaendelea kuwapa wanaofunga ndoa kile wanachopewa siku zote: keki moja, kreti tatu za bia, na siku mbili hotelini.

Eneida alimwomba arudie hapo kwenye keki.

Mpaka saa ya kutoka alikuwa amekwisha kuwapitia kichwani wanaume wote wa mtaa. Jirani mmoja aliyefiwa na mke alikuwa na meno mawili na nia ya dhati. Huyo angetaka ndoa ya kweli. Fundi baiskeli angekunywa kreti zote kabla hajafika nyumbani. Halafu akakumbuka kwamba Eliseo na Yolaida walikuwa bado hawajafunga ndoa. Yolaida alikuwa akingoja viatu vyeupe kutoka kwa binamu yake wa mji mkuu, akiapa hataolewa na ndala.

Eneida alifika nyumbani akagonga mbao.

"Eliseo, unanioa lini?"

Upande wa pili kijiko kilianguka.

"Wewe mwanamke, unaumwa?"

"Siumwi. Mtoto wako anatimiza kumi na mitano na wewe huna mbele wala nyuma. Ulichobaki nacho ni ukapera. Lete huo huo."

Yolaida aliingilia kati akasema mwanaume yule ana mwenyewe.

"Namwazima tu, mke mwenzangu," Eneida akamwambia. "Nitamrudisha kama alivyo. Hata sitamgusa."

Wakabishana kupitia mbao kwa siku tatu. Eliseo alilainika alipoahidiwa kreti moja ya bia. Yolaida alilainika kwa kreti ya pili, na kwa kiapo cha Eliseo kwamba sherehe ikiisha tu, wataachana tena.

Ofisini, shahidi mmoja hakutokea kwa sababu tairi ya baiskeli yake ilipasuka, na msajili hakuwa tayari kufungisha ndoa yenye shahidi nusu. Ikabidi Yolaida, aliyekuja kulinda mali yake, ndiye ashuhudie. Alitia sahihi kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Msajili akamuuliza Eneida kama anaolewa kwa hiari yake. Eneida akajibu ndiyo, na kwamba safari hii amesomewa.

Keki ilikuwa na sukari ya bluu juu, na sanduku halikuwepo. Masanduku yaliisha zamani. Walirudi nayo hivyo hivyo, Eneida akikanyaga baiskeli, Eliseo nyuma ameibeba kwenye viganja viwili kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Barabara nzima iliwashangilia wanandoa wapya. Kila Eliseo alipotaka kujikuna pua, Eneida alimkumbusha kwamba ana mtoto. Nyumbani alimng'oa bwana harusi wa plastiki juu ya keki, akamlamba sukari miguuni, akamtupa dirishani. Bibi harusi alimwacha, awe Dailín.

Hotelini walimtaka mume aonekane. Eliseo alionekana, akaandikwa, kisha akaambiwa na mkewe arudi zake kwa miguu. Dailín alipigwa picha kando ya bwawa la kuogelea, amevaa pazia la shangazi, bonde lote na vilima vyake nyuma yake. Kwenye sherehe watu walicheza mpaka soli zikafunguka. Eneida alikula kipande kimoja cha keki, amesimama, na hakuongea na mtu mpaka kilipoisha.

Jumatatu Eliseo akaja na karatasi.

"Tia sahihi hapa."

"Inasema nini?"

"Si unajua. Ya kuachana."

"Ile nyingine ilikuwa ya friji," Eneida akasema. "Mimi sikusoma, Eliseo. Ilete kazini, nisomewe."

Aliileta, kofia mkononi. Mzee Heriberto alimaliza gazeti, akafuta miwani, akaanza kusoma karatasi kwa sauti ile ile ya hadithi za mchana. Alipofika mahali paliposema nyumba itabaki ilivyogawanywa, kisu kimoja kilianguka sakafuni. Kikafuata kingine. Vikaanguka vyote.

"Bwana," Heriberto akamwambia Eliseo, "wasikilizaji hawajaridhika na sehemu hii."

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi nyingine, iliyompa Eneida baraza na kiti kimoja. Visu vikaanguka. Wakati huo viatu vyeupe vilikuwa vimekwisha fika, na Yolaida alivivaa akizunguka navyo chumbani, kwa', kwa', kwa', mchana kutwa, akimsihi Eneida kupitia mbao amalize mambo.

"Vumilia, mke mwenzangu," Eneida alimjibu. "Ndiyo kwanza tunaingia sura ya tatu."

Sura ya tatu ilisema nyumba ni ya Eneida na Dailín, na Eliseo atahamia kwa mama yake Yolaida, ng'ambo ya bonde, mwanamke ambaye hata kuku wake walimwogopa. Wanawake waligonga meza hadi vumbi la tumbaku likapaa, wakataka mahali pa mama mkwe parudiwe. Heriberto akarudia. Eneida akasema vizuri, lakini mbao kwanza.

Eliseo aling'oa misumari Jumamosi nzima, mmoja mmoja, maana aliipigilia vizuri. Jumatatu akarudi kiwandani, vidole vimefungwa vitambaa. Eneida alifuta mikono yake, akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, ulimi nje. Alipofika herufi ya mwisho alimpa Heriberto karatasi na kumwomba amsomee mara moja tena, ahakikishe kwamba lililoandikwa pale ni jina lake.