Mianya ya Mwavuli

Juzi nilipita Bugolobi, pale wanaposhona mahema ya harusi, nikajikuta nimesimama. Fundi mmoja alikuwa akipitisha mshumaa kwenye ukingo wa nailoni ili usifumuke. Harufu ile ya nailoni inayoungua, kali na tamu kidogo, sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Nyumbani kwetu Kibuli iliwahi kukaa kwenye mapazia wiki nzima.

Baba alikuwa fundi wa kanzu, zile zenye darizi nyekundu kifuani. Niwaambieni ukweli, kazi ile ilimtia majivuno. Uzi ukining'inia hata kidogo, nguo haitoki dukani. Bwana harusi aje alie mlangoni, atalia mpaka uzi ule ukatwe.

Vita vilikuwa vimekwisha, na jeshi lilibaki na ndege chache za kivita zisizo na vipuri. Sajini mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akaja na gunia. Ndani mlikuwa na mwavuli mkubwa wa nailoni, umechanika.

"Mzee, hii inakaa nyuma ya ndege," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Ndege ikigusa chini inafunguka, inavuta mpaka ndege inasimama. Wewe shona tu pale imepasuka."

Tuliutandaza sebuleni, ukafunika viti, redio na paka. Baba alishona palipochanika, kisha akainua kitambaa dirishani, akaona mwanga unapenya. Mwavuli mzima ulikuwa na mianya, mistari kwa mistari. Mama akamkumbusha kwamba sajini alisema palipopasuka tu.

"Kitu kitoke mikononi mwangu na matundu?" baba akauliza.

Akatafuta nailoni nyingine, akaanza kuziba. Mimi nilitambaa chini ya kitambaa nikiitafuta mianya kwa kidole, na kila niliyoipata nilisifiwa. Sijawahi tena kufurahia kazi namna ile. Shuleni niliwatambia wenzangu kwamba ndege ya vita inasimamishwa na uzi wa baba yangu. Mwavuli ukarudi kambini umekunjwa vizuri mno, hata hakuna aliyeufungua kuutazama.

Siku chache baadaye sajini alikuja mikono mitupu. Ndege ilikuwa imetua, mwavuli ukafunguka, kamba zikakatika papo hapo, na ndege ikapitiliza mwisho wa njia mpaka kwenye kinamasi. Rubani, kapteni kijana, alikuwa hospitali, mguu umepondeka. Wakubwa walisema alitua kwa kasi kupita kiasi, na jeshi halikumtaka tena.

Baba aliuliza kwa sauti ndogo mianya ile ilikuwa ya nini.

"Ya kupitisha upepo. Kama haiko, inavuta nguvu sana, kamba inakatika." Sajini akamtazama baba, akaelewa. Akaenda kufunga mlango. "Mzee, wewe iko na watoto. Mimi pia iko na watoto. Watasema tuliharibu ndege kusudi. Nyamaza."

Nilikuwepo, nimeketi juu ya robota la kitambaa. Zama zile mtu aliweza kuchukuliwa na asirudi kwa kosa dogo kuliko hilo. Baba akanyamaza.

Kapteni alitoka hospitali mguu mmoja ukiwa mfupi, akaishia kulinda geti la ghala moja. Baba ndiye aliyempelekea salamu aje apunguziwe suruali. Tangu hapo alimshonea kila vazi na kukataa malipo, na kapteni akazoea kumwita baba yake wa Kibuli. Lakini baba hakumtazama usoni hata siku moja. Alimpima akiwa ameinama, pini mdomoni, na akimaliza alikumbuka shughuli ya nyuma ya duka. Mimi, kwa akili ya kitoto, nilidhani hampendi, nikamwona baba ana roho mbaya kwa kilema.

Baba alifariki mwaka jana. Mama na sajini walikuwa wametangulia zamani. Kapteni, sasa mzee mwenye mvi, alikuja msibani akichechemea, akalia kuliko sisi wana wa marehemu. Aliwaambia waliokuwepo kwamba jeshi lilipomtupa, hata yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba alitua vibaya. Ni fundi huyu peke yake aliyemwambia, "Hukukosea wewe." Neno lile, alisema, ndilo lililomzuia asijiue.

Kisha akanigeukia. "Dada yangu, baba alijuaje?"

Miaka yote niliamini kwamba baba alinyamaza kwa kuwaogopa wanajeshi. Siku ile hapakuwa na mwanajeshi wa kumwogopa. Wakubwa wale walikuwa wamekufa, ndege zenyewe ni vyuma chakavu, na mtu huyu alikuwa na haki ya jibu kuliko mtu yeyote duniani. Nilifungua mdomo. Nikaona namna alivyoning'ang'ania mkono, nikaelewa kilichomfunga baba kinywa baada ya hofu kwisha: alikuwa amepata mtoto ambaye yeye hakustahili kuwa naye, akashindwa kumpoteza.

Nilimjibu kwamba baba alikuwa mwepesi wa kuwaamini watu. Akashukuru sana. Jana alinipigia simu kunijulia hali, akaniita dada yangu, nami nikaitika.